Meno Yanayooza na Ugonjwa wa Sukari: Kwa Nini Ni Watu Wale Wale?



Kuna magonjwa mawili ambayo katika mitaa yetu husemwa kwa sauti mbili tofauti. Wa kwanza ni kuoza kwa meno, nao huchekwa. Mtoto akilia usiku kwa ajili ya jino, husemwa kwamba amezidisha bonboni. Mtu mzima akipoteza magego yake mmoja baada ya jingine, husemwa kwamba ni mambo ya umri. Wa pili ni ugonjwa wa sukari, nao hunong'onwa. Mtu akikonda ghafla, akawa na kiu isiyokwisha, akawa na kidonda mguuni kisichopona, wengine husema amelishwa sumu, wengine husema amerogwa, na wengine humtazama tu na kunyamaza. Ni wachache wanaofikiri kwamba yule anayechekwa na yule anayenong'onwa mara nyingi wamepita njia moja.

Maoni tunayotaka kuyaweka mbele yenu leo ni haya. Magonjwa haya mawili hayawaangukii watu ovyo kama mvua. Umri wa mtu, mahali anapoishi, kipato cha nyumba yake, elimu ya wazazi wake, na jinsi alivyolishwa akiwa mtoto, hayo yote huamua kwa sehemu kubwa nani ataugua na nani atasalimika. Tena sehemu kubwa ya sababu hizo ni zile zile kwa meno na kwa kisukari. Kwa hiyo si haki kumlaumu mgonjwa kana kwamba amejitakia, wala si busara kungoja hospitali itutatulie jambo ambalo huanzia mezani, dukani na shuleni. Na tunaamini kwamba vijana wana kazi hapa ambayo wazee hawawezi kuifanya badala yao.

Kinachotendeka ndani ya mwili

Tuanze kwa kufahamu, maana anayetaka kurekebisha jambo asilolijua huharibu zaidi.

Kinywani mna vijidudu vingi, navyo hula sukari tunayoila sisi. Vikishakula hutoa asidi, na asidi hiyo hulainisha lile ganda gumu la nje linalolinda jino. Mate ndiyo mlinzi wetu: huiosha asidi na kurudisha madini yaliyotoka kwenye jino. Lakini kazi hiyo huhitaji muda, kwa kawaida nusu saa au zaidi. Anayekunywa chai yake asubuhi akamaliza, meno yake hupata kupumzika. Anayenyonya bonboni moja baada ya nyingine, au anayetembea na chupa ya sukre mkononi akiionja kidogo kidogo mchana kutwa, huyanyima mate nafasi ya kutengeneza kilichoharibika. Ndiyo maana idadi ya mara tunazokula sukari kwa siku ni jambo zito sawa na kiasi chake, na pengine zito zaidi.

Elimu hiyo ilipatikana kwa njia ya kutia aibu. Kati ya mwaka 1945 na 1955, katika hospitali ya Vipeholm karibu na mji wa Lund nchini Uswidi, watu wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna mbalimbali ili watafiti waone meno yao yataozaje. Baadhi yao walipewa tofi za kunata zilizotengenezwa kwa makusudi hayo, wakazila kati ya mlo na mlo, na meno yao yakaharibika vibaya. Hawakuombwa ridhaa. Tunaikumbusha habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ilithibitisha kwamba sukari ndiyo huozesha meno, hasa inapokuja mara kwa mara na kushikamana na jino. Pili, hata katika kutafuta ukweli huo, walioulipia kwa miili yao ni wale wasio na sauti. Mtaona kwamba jambo hilo linajirudia.

Ugonjwa wa sukari nao una mlango wake. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini, nayo insulini ndiyo hufungua seli ili sukari iliyo katika damu iingie na kutumika. Kuna watu, wakiwamo watoto na vijana, ambao kongosho lao huacha kabisa kutoa insulini. Hiyo ndiyo aina ya kwanza, nayo haisababishwi na kula sukari. Yeyote anayemwambia mtoto huyo kwamba ameyataka mwenyewe anamdhulumu. Lakini wengi zaidi wana aina ya pili, ambapo mwili huzoea kuipuuza insulini, na kongosho huchoka pole pole. Aina hii hufuata umri, ukoo, unene, kukaa bila kuushughulisha mwili, na ulaji. Vinywaji vya sukari, vikizoeleka kila siku, huongeza hatari yake.

Tena magonjwa haya yakikutana katika mtu mmoja, husaidiana. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijatulizwa hukaukwa na mate, na fizi zake huvimba na kutoka damu kwa urahisi. Fizi zilizoambukizwa, nazo, hufanya sukari ya damu iwe ngumu zaidi kutuliza. Kwa hiyo anayetenganisha kinywa na mwili anakosea hesabu.

Nani huugua?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3 na nusu wana magonjwa ya kinywa. Kati yao, karibu bilioni 2 wana meno ya ukubwani yaliyooza, na watoto zaidi ya milioni 500 wana meno ya utoto yaliyooza. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba watu wazima milioni 537 duniani wana kisukari. Wapatao milioni 24 wako katika Afrika kusini mwa Sahara, na zaidi ya nusu yao hawajui kwamba wanaugua. Hizo ni hesabu kubwa mno kumgusa mtu. Tuzisome basi kwa kuangalia nyumba zetu.

Jambo la kwanza ni umri. Jino lililotoboka halijizibi lenyewe, na jino lililong'olewa halirudi. Kwa hiyo uharibifu wa kinywa hujikusanya mwaka baada ya mwaka, kama deni ambalo hakuna alipaye. Kisukari cha aina ya pili nacho huongezeka kadiri umri unavyosonga. Hapa vijana mwaweza kusema: basi si letu. Lakini angalieni vizuri. Katika nchi yetu karibu nusu ya watu hawajafikia miaka 15. Deni hilo linaanza kuandikwa sasa, katika miili yenu na ya wadogo zenu, na litadaiwa wakati ambapo ninyi ndio mtakuwa mnalisha nyumba.

Jambo la pili ni mji. Katika Afrika, kisukari hupatikana zaidi mijini kuliko vijijini, na meno nayo yalianza kuoza kwa wingi pale sukari ya dukani ilipofika kwanza. Anayelima hutembea, huinama, hubeba. Mlo wake wa bukari, maharage na sombe hauna sukari ya kuongezwa. Akihamia mjini, kwa hiari au kwa kukimbia vita, hukuta maisha mengine: mkate mweupe, mandazi, chai yenye vijiko vitatu vinne vya sukari, sukre ya baridi kwa mgeni. Kijana anayekaa juu ya pikipiki kuanzia alfajiri hadi usiku huchoka sana, lakini misuli yake haikufanya kazi. Naye hula anachokuta kando ya barabara.

Jambo la tatu ni kipato, na hapa mawazo mengi yaliyozoeleka yanapotoka. Tumezoea kusema kwamba kisukari ni ugonjwa wa wakubwa, wenye gari na tumbo. Zamani kulikuwa na ukweli fulani katika usemi huo, kwa maana sukari ilikuwa ghali na mwenye fedha ndiye aliyeinunua. Lakini katika nchi zilizotangulia kutajirika, kama Uingereza na Marekani, mambo yamegeuka: siku hizi mitaa ya maskini ndiyo yenye meno mabovu zaidi na kisukari zaidi. Sababu yaeleweka. Utamu unapokuwa rahisi kuliko chakula bora, maskini ndiye hushibishwa nao. Tazameni miji iliyo kando ya Ziwa Kivu. Maji yote yale yako mbele ya macho, lakini bomba limekauka na maji safi ni ya kununua. Sukre haikosekani katika duka lolote, hata lile dogo la mbao. Mama mwenye fedha kidogo mkononi hafanyi uchaguzi huru kati ya vitu viwili vilivyo sawa.

Jambo la nne ni elimu. Uchunguzi uliofanyika katika nchi nyingi unaonyesha kwamba mtoto ambaye mama yake alisoma ana meno yenye afya zaidi. Si kwamba shule huyapaka meno dawa. Aliyesoma ana nafasi ya kujua kwamba meno ya utoto yanastahili kutunzwa ingawa yatang'oka, kwamba chupa yenye maziwa au maji ya sukari haiachwi kinywani mwa mtoto anayelala, na kwamba kiu isiyokwisha si uchawi. Elimu hiyo hiyo ndiyo humfanya mtu mzima aende kupimwa mapema. Sisi tunaofundisha tunauona upande wa pili wa jambo hilo pia: mtoto mwenye jino bovu hulala usingizi mbovu, huja darasani akiwa ameshika shavu, hasikii somo, hatimaye huacha kuja. Ujinga huleta ugonjwa, na ugonjwa huleta ujinga.

Jambo la tano ni jinsia, na hapa tuwe wakweli: njia zinaachana kidogo. Katika uchunguzi mwingi wanawake huonekana na meno yaliyooza zaidi kuliko wanaume, hali kisukari duniani kinawapata wanaume kuwazidi kidogo wanawake. Lakini mwanamke mjamzito hukabiliwa na yote mawili: kuna kisukari kinachozuka wakati wa ujauzito, na fizi zake huwa nyepesi kuvimba. Yeye ndiye huhudumia wote nyumbani, na yeye ndiye huwa wa mwisho kwenda kutibiwa.

Njaa na utamu ni ndugu

Hapa tunafikia jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo zito kuliko yote kwa nchi yetu. Wengi hudhani kwamba njaa na kisukari ni kinyume, kwamba mwenye njaa ana usalama walau upande huo. Sivyo.

Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, sehemu ya Uholanzi ilikumbwa na njaa kali ya vita. Watoto waliokuwa tumboni wakati huo walifuatiliwa hata walipokuwa watu wazima, na ikaonekana kwamba miili yao ilishindwa kuitawala sukari kuliko ya wenzao. Mwili uliofinyangwa katika uhaba hujiandaa kwa uhaba. Ukikutana baadaye na wingi wa sukari, huelemewa. Zaidi ya hayo, upo ugonjwa wa sukari unaotokana na utapiamlo wenyewe, unaowapata vijana wembamba ambao hawakuwahi kushiba. Shirika la Afya Duniani liliutambua mwaka 1985, likauondoa katika orodha yake mwaka 1999, na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likautambua tena na kuuita aina ya tano.

Meno nayo yana kumbukumbu ya njaa. Ganda la jino hujengwa jino likiwa bado ndani ya ufizi. Mtoto akikosa chakula bora au akiugua sana wakati huo, ganda hutoka likiwa jembamba na lenye madoa au vijishimo, na jino la namna hiyo huoza upesi zaidi likikutana na sukari.

Sasa tuunganishe. Katika Kongo, zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa kwa kukosa lishe bora. Watoto hao wanakua. Wengi wao watakwenda mijini, nako watakuta utamu wa bei nafuu ukiwangoja mlangoni mwa shule. Kwa hiyo wanaodaiwa mara mbili ni wale wale: waliponyimwa chakula walipokuwa wadogo, walipewa sukari walipokuwa wakubwa. Huko si kujitakia. Ni kupokonywa mara mbili.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili, nao unatia moyo. Uingereza iliendelea kuwagawia watu wake sukari kwa kipimo hata baada ya vita, mpaka Septemba 1953. Kipimo kilipoondolewa, ulaji wa sukari ulikaribia kuwa maradufu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2024 waliwalinganisha waliotungwa mimba na kulelewa kabla ya tarehe hiyo na waliofuata baada yake. Wale walioanza maisha chini ya kipimo walikuwa na hatari ndogo ya kisukari cha aina ya pili kwa kadiri ya asilimia 35 walipofikia utu uzima, na waliougua walichelewa kwa miaka kama 4. Watu walikuwa wa taifa lile lile. Kilichobadilika ni kilichokuwa mezani katika siku za kwanza za mtoto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wazee walisema, na tumbo lake lilikuwamo katika neno hilo.

Wanaopinga

Tunajua baadhi yenu watatujibu: nchi ina vita, watu wanakufa kwa malaria na kipindupindu, nanyi mwatuletea habari za bonboni? Swali hilo ni la haki. Nasi hatusemi kwamba kisukari kitangulie malaria. Tunasema kwamba familia iliyoelemewa na vita ndiyo isiyoweza kabisa kubeba mzigo wa ugonjwa usiopona. Insulini, ambayo ilitumika mara ya kwanza kwa mgonjwa mwaka 1922 huko Toronto, hadi leo huhitaji kuhifadhiwa penye baridi, na nyumba nyingi hazina umeme. Katika Afrika hakuna hata daktari mmoja wa meno kwa kila watu 10,000; kwa walio wengi tiba ya jino ni moja tu, kuling'oa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hatuna matofali ya ukuta huo. Kwetu kuzuia ndiyo tiba ya maskini.

Wengine watasema: sukre ni furaha ya sikukuu, ni heshima kwa mgeni, mnataka kutunyima hata hiyo? Hapana. Sikukuu ni sikukuu kwa sababu haiji kila siku. Tunachopinga ni kuifanya sukre kuwa maji ya kila siku. Chupa moja ya sentilita 33 mara nyingi hubeba gramu 30 hadi 35 za sukari, yaani vijiko vidogo 7 hadi 9. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya nusu ya hapo, kadiri ya gramu 25 kwa mtu mzima. Kwa chupa moja tayari kipimo hicho kimepitwa, kabla ya chai na mandazi.

Wengine tena watasema: kila mtu na mdomo wake, achague mwenyewe. Usemi huo ungekuwa wa kweli kama wote tungechagua katika hali sawa. Mtoto wa miaka mitatu hachagui anachowekewa kwenye chupa. Aliyedumaa tumboni hakuchagua njaa ya mama yake. Uhuru ni jambo zuri, lakini hutembea kwa miguu ya maarifa na uwezo.

Kazi iliyo mikononi mwenu

Tunawapendekezea mambo ambayo kikundi cha vijana chaweza kuyafanya bila kungoja fedha za mbali.

Kwanza, mikutano yenu na kambi zenu ziwe na maji safi ya kunywa, na sukre ibaki kwa siku kuu. Changeni fedha mlizokuwa mkinunulia chupa, mnunue ndoo yenye bomba na dawa ya kusafishia maji. Wadogo huiga wanachokiona kwa wakubwa wao kuliko wanachokisikia.

Pili, wafundisheni watoto kupiga mswaki mara mbili kwa siku, na kamwe wasiache ule wa usiku, kwa dawa ya meno yenye floridi. Dawa hiyo si anasa: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa za lazima. Mtoto mdogo apewe kidogo sana, kama punje ya mchele. Nyumba isiyoweza kununua mswaki itumie kijiti cha mti kama wazee, mradi kisafishe meno yote na si ya mbele peke yake.

Tatu, muwe macho kwa ajili ya wazee wenu. Kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, kukonda bila sababu, macho kufifia, ganzi miguuni, kidonda kisichopona, fizi zinazotoka damu na meno yanayolegea mapema: mkiyaona hayo, mpelekeni mzee kituo cha afya apimwe sukari. Kipimo ni tone la damu kwenye kidole. Kijana anayeweza kusoma na kutembea haraka ndiye daraja kati ya babu yake na kituo hicho.

Nne, zuieni ulimi wa mtaa. Kila mara mtu anayekonda anapotajwa kwamba amelishwa sumu, huanza kutafutwa mwenye kumlisha. Jirani huchukiwa, mjane hufukuzwa, na mgonjwa hupelekwa kwa mganga wakati miguu yake inaoza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wapo wanaoyaficha maradhi kwa sababu sisi tumeyafanya kuwa aibu. Anayesema kwa utulivu, "Mama, tukapime kwanza," huenda akaokoa watu wawili kwa siku moja: mgonjwa, na yule ambaye angeshtakiwa bure.

Tano, zungumzeni na wakuu wa shule kuhusu kinachouzwa mlangoni. Lakini tahadhari. Yule mama anayeuza bonboni pale si adui yenu. Watoto wake hula kwa kazi hiyo. Msiende kumfukuza. Kaeni naye, mtafute pamoja kitu kingine ambacho watoto watanunua: karanga, ndizi, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma. Haki isiyomwona maskini mmoja kwa ajili ya mwingine haijakamilika.

Na kuna jambo linalozidi nguvu za kikundi, nalo ni la wenye madaraka. Tangu Aprili 2018, Afrika Kusini hutoza ushuru vinywaji kwa kadiri ya sukari iliyomo. Viwanda vilipunguza sukari katika vinywaji vyao ili kulipa kidogo. Kwa maoni yetu, nchi yetu yaweza kujifunza hapo, kwa sharti kwamba fedha hizo zionekane katika maji safi na vituo vya afya, zisipotee njiani. Ninyi mtakaopiga kura kwa miaka mingi ijayo mna haki ya kuliuliza swali hilo.

Tukamilishe. Tulianza kwa kusema kwamba ugonjwa mmoja huchekwa na mwingine hunong'onwa. Kucheka na kunong'ona ni njia mbili za kumwacha mgonjwa peke yake. Tumejaribu kuonyesha kwamba nyuma ya jino lililooza na nyuma ya kidonda kisichopona kuna historia moja: utoto wenye njaa, mji usio na maji, mfuko mtupu, shule iliyokosekana, na utamu wa bei nafuu uliowahi kufika kabla ya chakula bora. Historia hiyo haikuandikwa na mgonjwa peke yake, kwa hiyo haiwezi kufutwa naye peke yake.

Mkikutana katika vikundi vyenu juma hili, zungumzeni maswali haya matatu. Mtoto wa mtaa wetu hunywa nini akiwa na kiu, na kwa nini? Ni nani katika nyumba zetu mwenye dalili tulizozitaja, na ni nani atakayemsindikiza kupimwa kabla ya mwezi huu kwisha? Na katika sikukuu yetu ijayo, tutaweka nini mezani? Swali la tatu laonekana dogo, lakini jibu lake liko mikononi mwenu kabisa, na hapo ndipo tungependa muanzie.